Digrii Mbili

Simu nne nimezifunga dashibodini kwa tyubu ya baiskeli.
Kila sekunde tisini zinapiga
namba isiyo ya mtu.
Mashine inapokea, inanyamaza dakika moja, inakata,
na kompyuta iliyo mapajani mwangu inadondosha tone kwenye ramani:
kijani, simu imekaa;
njano, imekwaruza;
nyekundu, imefia njiani.

Chilongani anaendesha kilomita arobaini kwa saa, haongezi,
maana vipimo havipendi haraka.
Tulitoka Bahi alfajiri, majaruba yakiwa bado na ukungu,
tukaipita Mpalanga kwa kijani kitupu, nikatafuna karanga.
Kisha barabara ikashuka korongoni
na matone yakaanza kuwa mekundu, moja, moja, mengi,
kama ya mtu aliyejikata kidole akaendelea kutembea.

Hapo ndipo nilipomwona Nyemo.
Amekaa juu ya kichuguu, mwavuli wa njano umechomekwa udongoni,
kigoda, kaunta buku, simu mbili za vitufe.
Kichuguu kimechongwa ngazi saba.
Foleni imeanzia ya tatu:
aliyeuza uwele, anayelipa ada,
kijana asiyetaka kusema ametumiwa na nani.
"Mbukwa," akanisalimu bila kuinua macho.
"Kama unatoa, subiri. Meseji hapa zinakuja zikitaka."

Nikapanda na kipimo changu.
Barabarani: hakuna.
Ngazi ya nne: hasi mia moja na kumi na mbili.
Juu kabisa, mkono hewani: hasi mia moja na tano.
Huo ni uzi, si kamba,
lakini ulikuwa umeshona vijiji vitatu.
Fomu yangu ina safu ya latitudo, ina safu ya longitudo,
ina hata safu ya mwendo wa gari.
Safu ya kichuguu haina.

Wiki ya pili Lubeleje akapanda mnara,
mkanda kiunoni, spana mfukoni,
akaiinamisha antena digrii mbili
ili walio karibu wasikie vizuri:
stendi, zahanati, sekondari,
wale wanaolalamika kila siku kwa sababu wanapo pa kulalamikia.
Digrii mbili.
Ukiitikia kwa kichwa tu, umeshazidisha.

Tukarudi kupima.
Kijani, kijani, kijani.
Simu zinazokatika zilikuwa sita katika mia; sasa moja.
Bosi akaandika "Hongereni", Chilongani akanunua soda.
Nikamwambia tusogee kidogo, mpaka korongoni.
"Huko hakumo kwenye ratiba," akasema,
huku akiwasha gari.

Mwavuli haukuwepo.
Tundu lake tu, na mchwa walishaanza kuliziba.
Nikapanda zile ngazi, bado laini kwa nyayo za watu,
nikainua mkono, nikasimama kwa vidole vya miguu.
Kipimo kikaandika kistari,
kile kinachowekwa mahali pa namba
pasipo na namba.

Usiku, Dodoma mjini, katikati ya kijani,
nikaitafuta namba yake niliyoiandika ubavuni mwa daftari.
*Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.*
Sauti ya dada yule ilikuwa safi, haikwaruzi hata kidogo.
Baada ya sekunde tisini nikapiga tena.
Mazoea.
Nikapiga tena.

Asubuhi nikajaza ombi:
antena ya tatu, ya magharibi, irudishwe juu digrii moja.
Penye sababu nikaandika *kichuguu*.
Mfumo ukalikataa neno, ukageuka mwekundu,
ukanitaka niweke tarakimu.

Nikaweka saba.